Polisi Walipotuuliza Divine Awekwe Wapi

Mwezi uliopita nilirudisha beji yangu, na wakalimani vijana wa Kiswahili hapa Durban wameniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka niliyofanya kazi katika vituo vya polisi na mahakamani. Habari za kupandishwa cheo hazimo humu, kwa sababu mkalimani anayeitwa kwa simu hana cheo cha kupandishwa. Nitaandika ninayoyakumbuka, na nikikaa kuyakumbuka naona mengi ni yale yaliyoniacha mdomo wazi.

Nilianza mwaka 2008. Siku ya kwanza askari wa kaunta aliniuliza kama mimi ndiye mama anayejua Kiafrika. Nikadhani nimesikia vibaya. Akanipeleka kwa mzee mmoja Msomali aliyekuwa amekaa kwenye benchi, akatuambia tuzungumze. Mzee alinitazama, nami nikamtazama. Tukapeana salamu za Mungu, maana hizo tulizijua wote wawili, kisha tukanyamaza. Askari alisubiri na kalamu mkononi akiamini mambo yanaendelea. Mimi ni mtu wa Uvira niliyekaa Kigoma kabla ya kufika huku. Nina Kiswahili cha pande zote mbili za ziwa, nina Kifaransa cha shule na Kiingereza cha Durban, lakini Kisomali sina.

Aliyenifundisha kazi ni Ma Thandeka, mkalimani wa Kizulu aliyekuwa mahakamani tangu mimi sijaijua nchi hii. Alikuwa mwembamba, mkavu wa maneno, na alivaa viatu vya mpira hata mbele ya hakimu kwa sababu mkalimani husimama sana. Alinifundisha kubeba chupa ya maji na peremende za tangawizi, na kutokula karanga kabla ya kesi. Alinifundisha nisipande gari moja na shahidi, hata mvua ikinyesha. Juu ya yote alinifundisha kusema "mimi". Shahidi akisema "nilipigwa", mkalimani naye aseme "nilipigwa". Ukisema "anasema kwamba alipigwa", Ma Thandeka aliniambia, umeshajisimamisha katikati ya watu wawili, na watu wawili hao hawawezi kuonana kwa sababu wewe umewaziba.

Nilijua kanuni hiyo kichwani. Ilichukua muda kuijua mwilini. Kuna asubuhi unasema "mimi ndiye niliyemchoma kisu", na mchana, kesi nyingine, unasema "mimi ndiye niliyechomwa". Jioni unanunua mkate Umbilo Road kama mtu wa kawaida.

Sasa nifike kwenye habari ya Divine, ambayo wengi wenu mmeisikia vipande vipande na kwa chumvi nyingi.

Divine alikuwa msusi katika saluni moja ya Wakongo hapo Umbilo. Nilimjua kwa sura tu: mrefu, mwenye sauti ya chini, kucha zimepakwa rangi, vitambaa vya kichwa vya kila namna. Wateja walimwita dada. Karatasi yake ya ukimbizi ilisema Dieudonné, mwanamume. Hilo mimi sikulijua, na sikuwa na sababu ya kulijua.

Ilikuwa kama mwaka wangu wa tatu kazini. Polisi walifanya msako wa karatasi mjini, mchana kweupe, wakakusanya watu kutoka barabarani na kuwapeleka kituoni. Jina la kituo sitalitaja. Jumatatu asubuhi nikapigiwa simu niende kuandikisha maelezo ya mlalamikaji. Nilidhani ni wizi wa simu, kwa kuwa simu ndizo zilizokuwa nyingi wiki hizo.

Nilimkuta Divine kwenye chumba kidogo pamoja na Kapteni Naidoo, mpelelezi wa kike ambaye tulikuwa tumefanya kazi pamoja mara nyingi. Blauzi ya Divine ilikuwa imefungwa kwa pini mahali pa vifungo. Jicho moja lilikuwa limevimba. Alinisalimia vizuri, akaniita Mama Neema, kwa jina la binti yangu, ndipo nikajua kuwa naye alikuwa akinijua.

Akaeleza. Walipofika kaunta, askari mmoja alisoma karatasi yake kwa sauti, akawaita wenzake waje waone. Wakabishana nani ampekue. Askari wa kike alikataa, akasema huyo si wake. Askari wawili wa kiume wakampekua palepale, mbele ya watu waliokuja kugongesha mihuri hati zao za kiapo, na kazi hiyo ikachukua muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha wakamtia katika selo ya wanaume, iliyojaa.

"Niliwaambia, muniweke fasi ingine, hata kwa choo, mufunge mulango," alisema. "Balicheka tu. Bale ba ndani nabo balisikia banacheka."

Maana yake waliokuwa ndani walisikia askari wakicheka, wakaelewa kwamba mtu huyu hana mwenyewe. Yaliyofuata humo ndani sitayaandika hapa. Niliyasema siku ile kwa Kiingereza, kwa "mimi", sentensi moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimeshasema ubakaji mara nyingi katika chumba kile. Sikuwa nimewahi kusema ubakaji uliotokea chini ya paa lilelile, nyuma ya ukuta uleule, huku funguo zikiwa mfukoni mwa watu niliowasalimia nikiingia.

Katikati ya maelezo Kapteni alinisimamisha. Nilipokuwa namwuliza kitu kidogo kwa Kiingereza juu ya Divine, nilikuwa nimesema neno la mwanamume, kisha dakika ileile nikasema la mwanamke. Alitaka kujua aandike lipi. Nyote mnaijua shida hiyo. Kiswahili chetu kinasema yeye, basi, na mtu anabaki mtu. Kiingereza kinakulazimisha uchague kabla hujamaliza sentensi. Nikamgeukia Divine nikamweleza anachoulizwa.

"Unite vile unaniona, Mama," alisema.

Nikamwambia Kapteni aandike la mwanamke. Akaliandika bila kuinua kichwa.

Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi za kituo. Sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyepigwa na mlango usoni, ambaye kwanza anashangaa mlango umetoka wapi. Kapteni Naidoo alinifuata akasimama karibu. Akanieleza kwamba sheria ya makosa ya kingono ilikuwa imebadilika si muda mrefu, na kwamba sasa mtu yeyote, awe wa kiume au wa kike, akifanyiwa vile ni ubakaji, kwa hiyo kesi ingefunguliwa kwa jina lake halisi, ubakaji. Lakini kuhusu nani ampekue nani, na nani alale wapi, pale kituoni kila askari alikuwa na sheria yake kichwani. Iliwezekana raia abadilishe jinsia kwenye kitambulisho akiwa na barua za madaktari. Mkimbizi mwenye karatasi ya kuhuishwa kila mara aanzie wapi? Aliniambia atalisukuma jambo hilo mpaka mkuu wa kituo achoke.

Mkuu wa kituo alichoka baada ya miezi kadhaa, na njia aliyoichagua kupumzika ilikuwa kuitisha mkutano wa hadhara. Polisi watawauliza wananchi maoni yao: mtu ambaye karatasi zake zinasema hivi na maisha yake yanasema vile, apekuliwe na nani, na awekwe wapi? Matangazo yakabandikwa madukani na makanisani, mengine kwa Kiswahili nilichokitafsiri mwenyewe.

Mji wetu mdogo ndani ya mji mkubwa ukawaka. Sikutegemea. Nilidhani watu wataona ni tangazo la polisi kama matangazo mengine ya wezi wa nyaya. Badala yake, ndani ya teksi, saluni, kwenye maduka ya simu, watu hawakuwa na habari nyingine. Wapo waliosema tangu lini polisi wanauliza wachuuzi sheria inasemaje. Sheria ipo, waifuate. Wapo waliosema polisi wameshaamua, wanatuita tu ili kesho waseme wananchi walikubali. Kijana mmoja wa Tanga mwenye duka la viatu alisema kwake yeye jambo la ajabu ni kwamba katika miaka yote polisi hawajawahi kumwuliza chochote ila karatasi, na swali la kwanza kumwuliza ndilo hili. Pasta wetu alihubiri Jumapili mbili mfululizo, na hakutaja jina la Divine, wala hakuna aliyelihitaji.

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi katika ukumbi mmoja Sydenham. Viti havikutosha. Mkuu wa kituo alikuwa mbele, Kapteni Naidoo pembeni yake, na mhadhiri wa sheria aliyetoka chuo cha Westville, ambaye alieleza katiba vizuri sana kwa watu waliokuwa wanajipepea. Ma Thandeka alikuwa upande wa Kizulu, mimi upande wa Kiswahili.

Pasta alisimama wa kwanza kwa upande wetu. Alisema Mungu aliumba wawili, na kwamba polisi wakianza kuuliza kama kuna wa tatu wanaleta laana ya watu wengine juu ya watoto wetu, sisi tuliokimbia vita na kuja huku na imani peke yake. Alisema mtu kama huyo apelekwe kwa maombi, si kwa kamati. Nami nikasema yote hayo kwa Kiingereza, mimi, mimi, mimi. Watu wa upande wa pili walinikodolea macho mimi, si Pasta. Msichana mmoja wa mstari wa mbele alitikisa kichwa kunisikitikia. Niliona haya, na nilishangaa kuona haya kwa maneno ambayo hayakuwa yangu.

Kisha alisimama Mama Espérance. Huyu nilikuwa nimeimba naye kwaya miaka mingi. Aliuza vitenge, alicheka kwa sauti, kila mwanamke wa Uvira na Bukavu hapa mjini alimjua. Nilijua atampinga Divine, na nilijitayarisha kwa mistari ya Biblia. Hakutaja Biblia.

Alisema kule nyumbani wanajeshi walimweka ndani ya nyumba moja yeye na dada zake. Alisema dada mmoja hakutoka. Alisema toka siku ile hawezi kulala chumba kimoja na mtu mwenye mwili wa mwanamume, hata mtoto wake wa kumzaa akishakuwa mkubwa, na kwamba siku moja hata yeye anaweza kukamatwa kwa ajili ya karatasi. "Munisamehe," alisema. "Sina chuki. Lakini mukimuleta kwa selo ya banamuke, mimi nitakufa kwa woga hata kabla hajanifanya kitu."

Niliacha sentensi katikati. Kwa miaka yote niliyosimama naye bega kwa bega tukiimba, sikuwa nimejua. Ma Thandeka alinitazama kutoka upande wake. Nikanywa maji, nikaanza upya, nikasema: mimi na dada zangu tuliwekwa ndani ya nyumba moja. Hata mhadhiri aliacha kuandika.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Mkuu wa kituo alikuwa ameanza kukusanya karatasi zake ndipo mtu wa nyuma kabisa akaomba nafasi, na watu wakageuka, na alikuwa Divine. Hakuwa ameniambia atakuja. Alikuwa amevaa gauni la kijani na kitambaa cheupe kichwani. Alitembea hadi mbele, akasimama karibu nami kiasi kwamba nilisikia anavyopumua.

Hakumjibu Pasta. Alimgeukia Mama Espérance, akamwita Mama, akasema amesikia, na kwamba yeye hakuja kuomba kulala pamoja naye. Kisha akawaambia watu alichofanyiwa kaunta, na alipowekwa, na kilichofuata. Hakusema kwa urefu. Hakulia. Alisema kwamba kila mtu anayesema awekwe na wanaume kwa kuwa ndivyo karatasi inavyosema, ajue kwamba alishawekwa huko, jambo hilo si swali la kesho. Nami nikalisema. Mbele ya kwaya yangu, mbele ya mchungaji aliyembatiza Neema, nikasema mimi nilifanyiwa hivi. Niliona mdomo wa Pasta umefunguka kidogo. Nadhani alikuwa hajui. Nadhani wengi walikuwa hawajui. Walikuwa wamebishana wiki kadhaa kana kwamba jambo lenyewe halijatokea.

Mwanamume mmoja upande wa dirishani akacheka. Kicheko kifupi cha puani.

Mama Espérance aligeuka kwenye kiti chake. "Unacheka nini?" alimwuliza, polepole. "Nieleze, nami nicheke."

Mama Espérance akasimama, akamwelekea mkuu wa kituo, akauliza swali ambalo wasomi wote mle ndani na mimi mwenyewe hatukuwa tumelifikiria, kwa sababu tulikuwa tumeshughulika na mbingu na katiba. Aliuliza kama kituo kina vyumba viwili tu.

Mkuu wa kituo alikohoa. Akasema kuna selo ya wanaume na selo ya wanawake. Kapteni Naidoo alimtazama. Ndipo mkuu akaongeza kwamba kipo pia chumba cha tatu, kidogo, chenye kufuli na kitanda cha zege, karibu na choo cha askari, ambacho hutumika kuhifadhia viti vibovu na mabango ya uchaguzi yaliyokamatwa.

Nililitafsiri hilo kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye viti vibovu nikasikia Divine, pembeni yangu, akitoa pumzi kama mtu aliyetiwa ngumi ya tumbo. Chumba kilikuwepo. Siku ile ile alipoomba awekwe hata chooni, chumba kilikuwepo kando ya choo, kimelaliwa na viti.

Watu walikaa tu, waliompinga na waliomtetea, wakitazamana kama abiria walioambiwa kwamba basi walilolisubiri lilikuwa limesimama nyuma yao muda wote. Mkuu wa kituo alifunga mkutano kwa kutushukuru kwa mchango wetu.

Viti vilitolewa wiki iliyofuata. Ukatoka mwongozo wa kituo, ukurasa mmoja: mtu wa namna hiyo aulizwe apekuliwe na askari wa kiume au wa kike, mahali pasipoonekana, na akae peke yake. Askari wale wawili walihamishiwa kituo kingine, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yao yote, jambo ambalo mpaka leo likinijia ninapoosha vyombo huweka sahani chini. Kesi yenyewe ilikaa mahakamani zaidi ya mwaka. Mtu mmoja kati ya waliokuwa katika selo ile alitambuliwa na kufungwa, wengine hawakujulikana. Ma Thandeka ndiye aliyenisindikiza siku ya hukumu, ingawa haikuwa zamu yake. Pasta alikaa muda mrefu hanisalimii. Kisha siku moja, nje ya kanisa, aliniuliza kama yale aliyosema Divine yalikuwa kweli. Nikamjibu kwamba hakimu aliyasikia na kuyaamini. Alisimama pale na Biblia kwapani, asijue aende upande gani, na mwisho akaniuliza habari za Neema.

Nimalizie na jambo moja, halafu nipumzike.

Baada ya hukumu Mama Espérance alinipigia simu, akaniomba nimpeleke saluni ya Divine. Aliogopa kuingia peke yake. Nilimwambia kama anakwenda kugombana mimi simo. Akasema anakwenda kusuka nywele.

Tulifika saa za asubuhi, saluni haina watu wengi. Divine alikuwa anafagia. Alipotuona alisimamisha ufagio. Mama Espérance hakupeana naye mkono. Alisema, "Sikubadilisha maneno yangu, ujue." Divine akamwambia kwamba hakumwomba ayabadilishe. Wakakaa hivyo, mmoja na mkoba wake, mmoja na ufagio, na mimi kati yao nimesimama kama nguzo, nikisubiri mmoja aniambie niseme nini.

Kisha Mama Espérance akaenda kwenye kiti, akakaa, akafungua kilemba chake. Sikuwa nimewahi kumwona kichwa wazi. Alishika mkono wa Divine, akauweka nyuma ya sikio lake.

"Hapa usivute," alisema. "Iko kovu."

Divine aliligusa kwa ncha ya kidole, akalizunguka. Akamwuliza anataka mistari iende mbele au pembeni. Mama Espérance akasema pembeni, ili ilifunike. Wakaanza kuzungumza habari za uzi, kwamba uzi wa siku hizi haushiki kama wa zamani, kwa Kiswahili cha kwao, wote wawili. Niligundua kwamba hakuna aliyekuwa ananihitaji. Nikavuta kiti karibu na mlango, nikavua viatu.